Mvuke haujui kama mashine yako ni ndogo

Mkerezaji mmoja wa Gerezani, siku nilipompelekea kipande cha shaba anipitishie rima, ile biti ya kusawazisha tundu, ya milimita 12, aliniuliza swali ambalo karibu kila mtu huniuliza.

"Bosi, hiki kitu kikiisha kitafanya nini?"

"Kitazunguka."

"Kitazungusha nini?"

"Hakizungushi kitu. Kitazunguka chenyewe."

Akanitazama, akakifunga kipande kwenye mashine, akaendelea na kazi. Bei aliyonitajia mwishoni ilikuwa ya mtu mwenye hela za kuchezea.

Jibu refu zaidi ni hili. Ninatengeneza injini ya mvuke ya silinda moja, ya kukaa juu ya meza. Silinda ina kipenyo cha ndani cha milimita 12 na pistoni inasafiri milimita 20. Mvuke ukiingia kwa msukumo wa PSI 30, ambao ndio upepo wa tairi la gari dogo, pistoni inasukumwa kwa nguvu ya kama kilo mbili na nusu hivi. Ikizunguka mara 600 kwa dakika, hesabu ya kwenye karatasi inatoa wati zisizofika 5. Ukitoa msuguano na mvuke unaovuja hapa na pale, zinabaki pungufu. Moto ulioko chini ya boila, chombo kinachochemsha maji, kwa upande wake, unakula wati mia kadhaa. Kwa hiyo sehemu kubwa mno ya gesi ninayochoma inakwenda kupasha joto hewa ya Tabata, ambayo haikuwa na upungufu wa joto.

Kwa nini inapoteza kiasi hicho? Swali hilo ndilo lililonifanya niipende kazi hii kuliko nilivyotarajia. Mtu akiona injini ndogo ya mvuke husema ni kama ile kubwa, ila imepunguzwa vipimo. Vipimo ndiyo, vinapungua. Lakini maji yanachemka kwa tabia zake zile zile, mvuke unapoa kwa tabia zake zile zile, na hakuna kati ya hivyo kinachokuonea huruma kwa sababu karakana yako ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba.

Chukua mfano wa injini kubwa ambayo wengi wetu tunaweza kwenda kuiona. Kwenye makumbusho ya reli Nairobi wamehifadhi garimoshi mbili za daraja la 59, zile ndefu zenye mitambo miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma ya boila. Zilijengwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, jumla yake 34, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 na ushei, na zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja ya hizo mbili zilizobaki, namba 5918, inaitwa Mount Gelai, mlima ulioko kando ya Ziwa Natron. Nyingine, namba 5930, ni Mount Shengena. Shengena ni kwetu Upareni. Mpare kusafiri mpaka Nairobi akakuta mlima wake umeandikwa ubavuni mwa garimoshi si jambo dogo, na walionisindikiza siku ile wanajua nilivyowachosha.

Kila moja ya garimoshi hizo ina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 521. Gawa kwa 12 yangu unapata kama 43. Sasa, eneo la ukuta wa silinda hupungua kwa mraba, ujazo wake hupungua kwa mchemraba. Ukipunguza vipimo kwa nusu, ukuta unakuwa robo, lakini mvuke uliomo ndani unakuwa sehemu moja ya nane. Maana yake kila chembe ya mvuke ndani ya silinda yangu imezungukwa na chuma baridi zaidi ya mara 40 kuliko mwenzake aliyeko ndani ya Mount Shengena. Mvuke ukigusa ukuta baridi unarudi kuwa maji, na maji hayasukumi pistoni.

Jambo hili ndilo lililomsumbua James Watt. Majira ya baridi ya 1763 kuingia 1764 alikuwa fundi wa vifaa vya Chuo Kikuu cha Glasgow, akapewa akarabati kijimfano cha injini ya Newcomen kilichokuwa kikitumika kufundishia. Silinda yake ilikuwa ya kipenyo cha inchi 2 na mwendo wa inchi 6. Kilikuwa kinapiga mara chache, kisha kinasimama, ingawa boila yake ilionekana kubwa ya kutosha. Injini kubwa za Newcomen zilikuwa zimesukuma maji migodini tangu 1712 bila mtu kulalamika sana, maana makaa yalikuwa pale pale mgodini. Ile ndogo ndiyo iliyofichua upotevu: katika kila mpigo silinda ilipashwa moto na mvuke, kisha ikapozwa na maji, kisha ikapashwa tena. Watt akapima, akahesabu, na mwaka 1765 akapata wazo la kuupoza mvuke kwenye chombo cha pembeni ili silinda yenyewe ibaki ya moto. Hati ya ubunifu ilitoka 1769. Kwa maneno mengine, mapinduzi yale ya viwanda yalianzia kwenye kifaa cha darasani kilichokataa kufanya kazi kama kaka yake mkubwa. Huwa nawaambia hivyo wanaoniambia nacheza.

Basi, turudi kibandani. Injini niliyoichagua ni ya silinda inayoyumba, na naona ndiyo inayomfaa yeyote anayeanza. Katika injini za kawaida kuna valvu inayofungua na kufunga njia za mvuke, na kuna vyuma vya kuiendesha hiyo valvu. Hapa silinda yenyewe ndiyo valvu. Imeshikiliwa na pini moja katikati, na springi inaibana kwenye bamba la shaba lililosimama. Fimbo ya pistoni imeungwa moja kwa moja na pini ya kramshafti, ile ekseli yenye mkono, kwa hiyo kramshafti inapozunguka, silinda inayumba kushoto na kulia. Silinda ina tundu moja. Bamba lina matundu mawili, moja linaleta mvuke na la pili linautoa nje. Ikiyumba upande huu, tundu la silinda linakutana na la kuingizia. Ikiyumba upande ule, linakutana na la kutolea. Ikiwa katikati, halikutani na lolote. Ukiacha kramshafti na flaiwili, gurudumu zito lililofungwa juu yake, vitu vinavyocheza ni viwili tu.

Urahisi huo unalipiwa kwenye matundu. Kwangu, kutoka katikati ya kramshafti hadi pini ya silinda ni milimita 50, na mkono wa kramshafti ni milimita 10, nusu ya mwendo wa pistoni. Kumi kwa hamsini ni moja ya tano, kwa hiyo silinda inapoyumba hadi mwisho, inalala nyuzi 11 na nusu. Tundu lake liko milimita 15 kutoka kwenye pini. Moja ya tano ya 15 ni 3. Hivyo matundu mawili ya bamba yanakaa milimita 3 kila upande wa mstari wa katikati. Sharti la mwisho: tundu likiwa katikati lisiguse hata moja ya jirani zake, kwa hiyo kipenyo cha matundu yote hakiwezi kuzidi milimita 3. Nilitumia biti ya 2.5. Inabaki nusu milimita ya shaba kila upande, na hiyo nusu milimita ndiyo inayozuia mvuke usipite moja kwa moja kutoka kwenye boila hadi nje bila kufanya kazi yoyote.

Kutoboa tundu mahali unapopataka hasa, kwa mkono, ni kazi ya kutulia. Biti nyembamba hupenda kutembea. Bamba nilipaka wino, nikachora mistari kwa ncha ya chuma kigumu, nikapiga senta panchi kidogo sana, nikaangalia kwa lenzi, nikaisogeza ile alama kwa kuinamisha panchi, ndipo nikapiga ya nguvu. Halafu biti fupi ya kuanzia, kisha ndiyo ya 2.5. Shaba ya njano ina tabia ya kuivuta biti ndani ghafla, hivyo makali yake niliyasugua kidogo kwa jiwe ili yakwangue badala ya kuchimba. Mafundi wazee wanalijua hili. Video nyingi za mtandaoni hazilisemi.

Baada ya matundu, nyuso mbili zinazosuguana lazima ziwe bapa kweli kweli. Nilibandika msasa wa maji juu ya kioo cha dirisha, nikamwaga matone ya oili, nikasaga kwa kuchora namba nane. Unaanza kuona duara la kijivu likitokea pembezoni mwa uso, katikati bado kunang'aa kwa alama za kisu cha mashine. Unaendelea. Kijivu kinasogea ndani, kile king'avu kinapungua hadi kinakuwa doa, kisha hakipo. Ukizikutanisha nyuso mbili zilizosagwa vizuri na tone la oili katikati, ya juu haidondoki hata ukigeuza mkono. Mtoto wa jirani alilipenda jambo hilo kuliko injini yenyewe.

Pistoni ni ya chuma kisichoshika kutu, haina ringi. Nimeichonga mifereji mitatu myembamba inayokaa na oili na maji, na hayo ndiyo yanayoziba. Shaba hutanuka kwa joto kidogo zaidi ya chuma hicho, kwa hiyo injini ikipata moto nafasi inaongezeka badala ya kubana. Ukifanya kinyume chake, silinda ya chuma na pistoni ya shaba, ukaweka nafasi ndogo sana, itakukwamia ikiwa ya moto.

Flaiwili nayo ina kisa chake cha vipimo. Uwezo wa gurudumu kuhifadhi mzunguko, kwa kasi ile ile, hupungua kwa kipeo cha tano cha ukubwa wake. Ukilipunguza nusu, unabaki na sehemu moja ya 32. Ndiyo maana injini ndogo nzuri huwa na flaiwili inayoonekana kubwa kupita kiasi, na ndiyo maana lazima ikimbie. Mitambo mikubwa ya zamani iliweza kuzunguka taratibu kwa fahari. Ya mezani ikizunguka hivyo inasimama. Yangu nimeikereza kutoka kwenye puli ya chuma cha kusubu ya pampu ya maji iliyokufa. Chuma hicho hukerezwa kikavu, bila oili, na hakitoi nyuzi. Kinatoa vumbi jeusi laini linaloingia kwenye mistari ya viganja, na kwenye kamasi. Vaa barakoa. Mama watoto alinipa taulo langu la peke yangu.

Kwenye boila mambo yanageuka, na hapa udogo ni neema. Mkazo kwenye ukuta wa bomba unategemea msukumo na kipenyo: bomba likiwa jembamba, ukuta ule ule unavumilia zaidi. Mafundi wa viyoyozi vikubwa vya majengo hutumia mabomba ya shaba nyekundu ya inchi 2 na moja ya nane, ambayo ni milimita 54. Kipande kilichobaki kwenye kazi, urefu wa kiganja na nusu, ukuta wake unakaribia milimita 1.8. Kwa PSI 30 mkazo wake ni chini ya sehemu moja ya 40 ya ule wa kulipasua bomba hilo hata likiwa limelainishwa kwa moto. Pembeni siogopi kabisa.

Ninachokiogopa ni vifuniko vya mwisho, maana bamba bapa likisukumwa hujaribu kuwa bakuli. Nilikata visahani vya shaba, nikakereza kiolezo cha mninga, nikavipiga kingo kwa nyundo vikunjike kama kifuniko cha kopo. Shaba ukiipiga inakuwa ngumu, na sauti inakwambia: mwanzo ni butu, halafu inaanza kulia. Ikianza kulia, acha. Ipashe moto hadi iwe na wekundu hafifu unaouona ukiwa kivulini, itumbukize kwenye maji, inarudi kuwa laini. Chuma cha patasi ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu. Shaba ni kinyume. Ukipuuza ile sauti, kona inapasuka. Katikati ya vifuniko viwili, ndani ya boila, kuna fimbo ya shaba inayovishika visiachane.

Kulehemu ndiko kulikonikutanisha na fundi wa viyoyozi, kijana wa Buguruni ambaye mkono wake na mtungi wa gesi unaaminika.

"Mzee, hii ni ya friji gani?"

"Siyo friji. Humu maji yatachemka."

"Yatachemka yakiwa yamefungiwa?"

"Ndiyo."

"Basi tusitumie risasi, mzee. Tutumie fedha."

Hakuhitaji kufundishwa. Lehemu laini ya bati na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 183. Maji kwa PSI 30 yanachemka kwenye kama nyuzi 134, kwa hiyo kwa makaratasi kuna nafasi. Lakini maji yakikauka moto ukiwa bado unawaka, bomba linapita 183 haraka mno na maungio yanaachia. Lehemu yenye fedha nyingi huyeyuka zaidi ya nyuzi 600. Vile vifimbo bapa vya shaba na fosforasi ambavyo mafundi wa viyoyozi wanavyo mfukoni kila siku vinashika vizuri shaba nyekundu kwa shaba nyekundu, hata bila dawa ya kulehemia. Palipo na shaba ya njano weka dawa. Palipo na chuma usivitumie kabisa, ungio linakuwa la kuvunjika.

Kisha majaribio. Boila haijaribiwi kwa upepo wa kompresa. Hewa iliyoshindiliwa ikipata upenyo inatoka na vipande. Unaijaza maji baridi hadi juu, unatoa mapovu yote, unaunga pampu ya mkono ya mafundi bomba, unapandisha hadi mara mbili ya msukumo wa kazi, kwangu PSI 60, unaiacha hapo na kuitazama geji. Maji hayashindiliki, kwa hiyo likitokea la kutokea utaona tone na geji ikishuka, basi. Boila haikudondosha tone. Valvu ya usalama ni gololi ndogo iliyobanwa na springi juu ya tundu la milimita 4, nayo niliirekebisha ianze kupuliza kwenye 30. Hili halina mjadala wala njia ya mkato: gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida inachukua nafasi kama mara 1,600, na wanaosimama karibu na meza ya namna hii mara nyingi ni watoto.

Siku ya kuwasha, kwanza inatema mate. Silinda ni baridi, mvuke wote unaoingia unageuka maji, na tundu la kutolea linarusha matone meza nzima. Ukiisukuma flaiwili kwa kidole inakwenda nusu mzunguko inagoma: maji yamejaa juu ya pistoni, na maji, kama tulivyoona, hayashindiliki. Kwenye injini ya valvu za kawaida hapo unaweza kupinda kitu. Kwenye hii ya kuyumba, springi inaachia, silinda inanyanyuka kidogo kutoka kwenye bamba, maji yanapita pembeni, inarudi. Unasukuma tena, na tena. Chuma kinapata moto kiasi cha kutogusika, mate yanapungua yanakuwa moshi mweupe, na mara kidole chako hakihitajiki. Sauti yake haifanani na ya garimoshi. Ni mlio wa haraka, mkavu, unaokaribia wa cherehani.

Nilipoivisha silinda koti la vipande vyembamba vya mbao na uzi wa asbesto wa bandia, ule wa kufungia milango ya majiko, mabadiliko yalionekana hapo hapo. Maji yale yale yalidumu muda mrefu zaidi, na matone yakapungua. Kwa Mount Shengena koti la silinda ni nidhamu. Kwa silinda ya milimita 12 ndilo linaloamua kama injini itafanya kazi au haitafanya.

Oili inaingia kwa hila ninayoipenda. Kuna kikopo kidogo kilichofungwa, kimejaa oili nzito, kimeungwa na bomba la mvuke kwa tundu jembamba. Mvuke kidogo unaingia, unapoa, unakuwa maji, maji yanazama chini ya oili, na oili inapanda tone moja moja hadi kwenye mkondo wa mvuke. Ule ubaridi unaoniibia nguvu kwenye silinda, hapa ndio unaonifanyia kazi. Natumia oili ya gia ya 140 kwa sababu inapatikana kila duka la spea, ila viongezeo vyake vya salfa havipatani na shaba, kwa hiyo kila nikimaliza nafungua na kufuta.

Kuhusu kufuta na kupaka, wenye kazi yao walikuwa mafundi wa Kijerumani wa ile meli iliyokuja kuitwa Liemba. Walipoizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika tarehe 26 Julai 1916 isichukuliwe na adui, waliipaka injini grisi nzito kwanza. Iliibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa mvuke ule ule. Mimi injini yangu ikilala wiki mbili za masika bila kupakwa oili, pini ya kramshafti inakuwa na kutu.

Sasa hivi natafuta drum ya breki ya Fuso iliyochoka, isiyo na ufa. Chuma chake kinakerezeka vizuri, na silinda ijayo nataka iwe na kipenyo cha milimita 20, yenye valvu ya kuteleza na mvuke unaosukuma pande zote mbili za pistoni. Kutoka 12 kwenda 20 si hatua kubwa machoni. Lakini ujazo, kama umbo halibadiliki, unaongezeka zaidi ya mara nne na nusu, na ukuta chini ya mara tatu. Kijana wa Buguruni ameshasema boila ya milimita 54 haitatosha, na kwamba safari hii anataka iwe na honi.